Levina na Baiskeli Iliyokamatwa

Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, mwezi wa saba. Levina alikuwa jikoni anachuja asali. Ameketi kwenye kigoda, ndoo iko mbele yake, kitambaa cheupe kimefungwa mdomoni mwa ndoo. Mimi nilikuwa mlangoni nanoa panga. Hatukuwa tunazungumza. Asubuhi zetu zilikuwa hivyo.

Akachovya kidole kidogo, akakilamba.

"Hii ya mtundu," akasema.

"Mtundu na muyombo."

"Mtundu mtupu, baba Mhoja. Wewe ulimi wako ulishauawa na tumbaku."

Nikaendelea kunoa. Ilikuwa kweli ya maua ya mtundu, ule mti wa porini.

Akanipa uji. Akasema kuku mweupe ametaga tena kwenye kapu la nguo, nisimfukuze. Akachukua jembe dogo, akashuka bondeni kwenye bustani. Hakuniaga. Kushuka bondeni si safari, mtu haagi.

Majirani walimkuta amekaa kwenye tuta la matembele, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Tulipata gari la kumpeleka Tabora mjini. Njia nzima nilimshika mkono, ule ambao ulikuwa bado una nguvu. Hakusema neno tena. Wiki haikuisha, akafariki.

Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wake. Ulikuwa wa kweli wote. Alizaliwa Lusu, kule Nzega. Alibatizwa na kuolewa katika kanisa la Moraviani. Mume wake ni Kashindye, mrina asali wa Igalula. Aliimba kwaya. Ameacha mume, watoto na wajukuu. Watu wakasema amina. Mimi nikakaa pale kwenye benchi nikajiuliza, huyu waliyemsoma ni nani?

Wasifu ule haukusema kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kutangulia. Haukusema ni yeye aliyenizuia. Ndiyo sababu naandika. Kuandika nilifundishwa ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo sitarefusha.

Levina alikuwa mfupi, mwenye miguu ya haraka. Akisimama kuzungumza anaweka mkono mmoja kiunoni, kama mtu anayemsubiri mwenye kosa. Alicheka kwa pua. Alipika vizuri, ila ugali wake ulikuwa mgumu, na ukimwambia anakuongezea.

Kazi ya asali ni ya porini. Kambi yetu ni mbali, mwendo wa kutwa kwa baiskeli, na unakaa huko mpaka ndoo zijae. Wanawake hawaendi. Mke anabaki nyumbani na ana miiko yake. Kwetu wazee walisema, mume akikaribia kwenda kurina, mke asigombane naye, na akiwa porini asigombane na mtu yeyote, kwa sababu nyuki watakuwa wakali. Levina alikuwa mtu wa kanisa, lakini mwiko huo aliushika. Alisema, "Siuamini, ila sitaki kuujaribu kwa mume wangu."

Mimi nami nina tabia yangu. Nikikasirika sigombi. Nanyamaza. Mwaka mmoja aliuza jogoo bila kuniambia. Mahindi yalikuwa yanachanua. Nilipomsemesha tena yalikuwa yameshakauka.

Sasa nianze habari yenyewe. Inaanzia kwa kaka yangu Luhende.

Luhende alianza kukojoa kwa shida. Akasema ni ngiri. Kwetu mwanamume akiwa na shida huko chini, jina lake ni ngiri, hakuna lingine. Akachimba mizizi, akachemsha, akatia asali. Akanywa mwaka mzima. Mgongo ukaanza kuuma, akasema ni uzee. Miguu ikakataa, watu wakasema ana mtu wake anayemchezea. Alipofikishwa hospitali wakasema ni saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa. Wakaturudisha nyumbani na dawa ya maumivu.

Alifia kwangu. Levina ndiye aliyemwuguza. Wanawe waliona aibu kumwogesha baba yao. Levina hakuona aibu. Alimgeuza, akamwosha, akambadilisha. Luhende akimwambia, "Shemeji, nisamehe," yeye anajibu, "Nyamaza wewe, nikimaliza hapa nina nguo za kufua." Nilimsikia akilia mara moja tu, nyuma ya jiko, na alipotokea alikuwa amebeba kuni.

Baada ya hapo akaanza kunichunguza mimi. Nikitoka chooni namkuta amesimama uani.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Kama mvua inanyesha vizuri."

Jumapili moja, baada ya ibada, muuguzi alisimama kutangaza. Wanaume wa miaka hamsini na kuendelea waje Tabora kupima tezi dume, ni kipimo cha damu. Na kama baba yako au ndugu yako aliugua, usingoje hamsini. Levina alikuwa amekaa upande wa kwaya. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa kama nasali.

Njiani akaniuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utakwenda?"

"Siumwi."

"Amesema mwanzoni hakuumi. Kukianza kuuma, kumeshafika mbali."

"Sina ngiri mimi."

"Kwani Luhende alikuwa nayo?"

Tulipofika nyumbani aliingia stoo, akatoka na sega la mzinga mmoja niliokuwa nimeuleta. Akalivunja mbele yangu. Ndani lilikuwa limeliwa na funza wa nondo, utando mtupu.

"Mzinga huu kwa nje ulikuwaje?"

"Mzuri. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka."

"Haya," akasema. Akaenda kulitupa.

Nilielewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja na kwenda ni kitu kingine. Kule kwenye kahawa nilikuwa nimesikia kwamba daktari anaingiza kidole. Hilo ndilo lililonizuia, siyo lingine. Nikaanza kunyamaza. Naye hakuweza kunisukuma, maana msimu ulikuwa umefika, na mwiko anaujua. Nikafunga ndoo na kamba kwenye baiskeli. Nikaweka mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa, ya kutafuna njiani. Nikaondoka alfajiri. Yeye akasimama uani, mkono kiunoni.

Hapo karibu na stesheni ya Igalula kuna fundi cherehani, Mabruki. Mzaramo. Baba yake aliletwa na kazi ya reli. Sisi Wanyamwezi na wao ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwa miguu mpaka pwani. Walipita kwa Wazaramo, wakala nao, wakatukanana nao, aliyekufa njiani wakazikana. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Unakikomboa kwa lile analolitaka.

Niliegesha baiskeli nje ya duka nikanunue chumvi. Nilipotoka ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa cherehani ya Mabruki. Yeye amekaa juu ya keria anakula michembe yangu.

"Mabruki, baiskeli yangu."

"Hii? Hii imekamatwa."

"Kosa lake nini?"

"Imekutwa imembeba Mnyamwezi mwoga."

Watu wakaanza kusogea.

"Rudi kwenu ukakune nazi wewe."

"Nitakwenda nikishakuzika. Hata kicheko nimeshakiandaa."

"Unataka nini? Asali?"

"Asali yako inanuka moshi. Nataka uende Tabora ukapimwe tezi dume. Ukirudi na jibu, unachukua gari lako."

Alilisema kwa sauti, mbele ya wauza karanga na watu wanaosubiri treni. Nilihisi masikio yanaungua.

"Nani amekwambia habari zangu?"

Akaacha kutafuna. "Luhende nilimzika mimi. Nililala kwenye kaburi lake nikasema halimtoshi, watu wakacheka. Kazi hiyo sirudii kwa watoto wa mama mmoja."

Sikuweza kumkasirikia. Baiskeli yenyewe ndiyo kambi, ndiyo asali. Nilirudi nyumbani kwa miguu, chumvi mkononi. Levina alikuwa anasugua sufuria.

"Mabruki amekamata baiskeli."

"Mzaramo huyo hana adabu," akasema, bila kuinua kichwa. "Anataka nini?"

Nikamwambia.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda nikapime, nimzibe mdomo."

"Basi nitakusindikiza. Nina kitambaa cha kununua mjini."

Kitambaa hakikununuliwa.

Hospitali tulikaa kwenye benchi wanaume tu, watu wazima, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Levina alikuwa mwanamke peke yake pale. Wakanitoa damu. Baadaye daktari akaniambia nikohoe, akanipima kwa kidole. Kile nilichokiogopa miezi yote kiliisha kabla sijamaliza kukohoa. Nilipotoka nilitaka kucheka.

Jibu la damu likawa kubwa kuliko inavyotakiwa. Wakatupeleka Mwanza, wakachukua vinyama vidogo wakavipima. Tukarudi kusikiliza. Daktari alikuwa kijana. Aliniamkia kwanza, shikamoo mzee, nikaitikia marahaba. Akasema, "Mzee, ni saratani. Lakini bado imo ndani ya tezi, haijatoka. Umewahi."

Nikamwambia sikuwahi mimi, nilikamatiwa baiskeli. Akamtazama Levina, nadhani aliona nimechanganyikiwa. Levina alikuwa anatazama dirishani, kitenge mdomoni.

Na mimi sikuwa naumwa kitu. Hilo nataka lieleweke. Nilikuwa nakula, napanda miti, nashusha mizinga. Ningengoja niumwe, ningekwenda njia ya Luhende.

Nilifanyiwa upasuaji. Nikarudi nyumbani na mpira wa mkojo, na ulipotolewa mkojo haukushikika. Miezi. Mwanamume mzima analowesha kitanda. Levina alifua mashuka kila asubuhi. Majirani wangeona shuka kila siku kwenye kamba wangejua. Kwa hiyo alifua na khanga zake, na kanzu ya kwaya, na mapazia, hata vilivyokuwa safi, akavianika vyote pamoja. Watu wakasema mama Mhoja siku hizi ana usafi wa ajabu. Yeye akawajibu, "Nimezeeka, sina kazi nyingine."

Mengine ya ndani ya nyumba sitayaandika. Yalipungua. Alisema tu, "Wewe upo. Inatosha." Akageuka akalala, mgongo wake kwenye mgongo wangu.

Baiskeli nilirudishiwa imepakwa mafuta, tairi zimejazwa.

Kila baada ya miezi sita ilibidi nirudi Tabora kupima damu, waone kama ugonjwa umerudi. Mimi tarehe sikuzishika. Levina alizishika kwa maua. Kliniki moja ni mtundu ukichanua, nyingine ni mvua zikikatika. Anaingia ndani anasema, "Mtundu umechanua." Basi. Mimi najua, natafuta viatu. Miaka sita tulikwenda hivyo.

Siku ya mazishi yake watani walikuja, kama ada. Mabruki akaja amejifunga khanga ya mwanamke, kapu kichwani, anatembea haraka haraka kama Levina. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Ndiyo kazi ya mtani, kumwigiza marehemu ili wafiwa wapumue. Akasimama kando ya kaburi, mkono kiunoni, kama Levina anayezungumza na fundi mbele ya cherehani. Akatoa sauti ya Levina, ileile:

"Mtani, kamata baiskeli ya baba Mhoja..."

Hakuendelea. Akasimama pale na kapu kichwani, machozi yanashuka mpaka kwenye ndevu. Mtani halii kwenye kaburi la mtani. Akavua khanga, akaikunja, akaondoka.

Mimi nilibaki na kipande hicho. Kumbe ni Levina aliyemtuma. Miaka sita alinisikia nikimtukana Mabruki kwa kunikamatia baiskeli, na alikuwa anaitikia, "Hana adabu yule."

Wageni wakaondoka. Mhoja, mwanangu, akarudi Kahama kwenye kazi yake. Nikabaki na nyumba.

Ndoo ya asali aliyoiacha ilikaa na kitambaa chake mdomoni. Sikuigusa. Kuku mweupe akaendelea kutaga kwenye kapu la nguo, juu ya khanga zake, nami sikumfukuza, kama alivyosema. Napika ugali, unakuwa laini. Siupendi.

Zamani nilinyamaza sana. Sasa sina la kunyamazia. Kunyamaza kunataka mtu wa kumnyamazia. Ukiwa peke yako ni ukimya tu.

Mtundu ukachanua. Niliuona. Nyuki walikuwa wamejaa juu. Nilikaa uani kutwa nikasubiri kama mjinga mtu aingie aseme. Hakuingia mtu. Mhoja akapiga simu.

"Baba, umekwenda kliniki?"

"Nitakwenda."

Maua yakapukutika. Akapiga tena, nikamwambia nimeshakwenda. Sikuwa nimekwenda. Nilijiambia, nipime ili iweje? Waniambie niko mzima, halafu nirudi kwa nani? Na wakiniambia imerudi, nani atafua? Nikaona bora nikae. Ikija ije.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Ile sentensi ya kaburini. Nilitaka kujua inaishaje. Nikiwa shambani naitafuta. Nikila naitafuta. Sauti yake ilikuwa imekatika pale kwenye "baiskeli ya baba Mhoja", na sikuweza kuimalizia mwenyewe. Mabruki naye alikuwa ananikwepa. Mtani aliyelia msibani ameharibu kazi, anaona haya.

Mvua ya kwanza iliponyesha nikachukua baiskeli. Sikuipanda. Niliikokota mpaka stesheni. Mabruki alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, miwani imeshuka puani. Amezeeka yule.

"Umekuja kupimwa sanda?" akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Nimeleta baiskeli."

"Imeharibika?"

"Ikamate."

Akanitazama juu ya miwani. "Kosa lake nini?"

"Lilelile."

Akaelewa. Akatafuta kamba, akaifunga gurudumu kwenye mguu wa cherehani. Ilimchukua muda. Nikamwacha amalize.

"Sasa niambie," nikasema. "Siku ile uliishia njiani. Alikwambia nini?"

"Aliniapisha nisikwambie."

"Amekufa, Mabruki."

"Kiapo hakijafa." Akafikiri, akakuna ndevu. Kisha nikaona jicho lake la zamani limerudi, lile la ujeuri. "Kapime. Ukirudi na jibu, nakupa baiskeli na maneno yake. Bila jibu, hupati hata kimoja."

"Mzaramo wewe ni mwizi."

"Na wewe mbeba mizigo. Nenda, treni haikungoji."

Nikaenda. Peke yangu. Nililala kwa mpwa wangu Consolatha, Gongoni. Asubuhi nikakaa kwenye lile benchi. Pembeni yangu palikuwa wazi, pale alipokuwa anakaa yeye. Akaja mtu mmoja wa makamo, mgeni, akakaa hapo. Akaniuliza chini kwa chini, "Mzee, eti ni kweli habari ya kidole?"

Nikamwambia, "Kohoa. Hutamaliza kukohoa, kitakuwa kimeisha."

Akacheka kidogo. Akaingia. Nami nakuambia wewe mwanamume unayesoma hapa lile nililomwambia alipotoka: umefanya vema kuja ukiwa huumwi. Wanaokuja wakiwa wanaumwa, wengi wamechelewa. Hilo sikulisoma mahali. Nilimzika kaka.

Nilisubiri jibu kwa Consolatha. Damu imetulia. Ugonjwa haujarudi. Daktari akanipa mkono. Nilitoka nje nikageuka kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu, palikuwa na jua tu na watu wengine.

Nilishuka Igalula jioni. Mabruki alikuwa bado yuko kibarazani. Nikamwambia jibu. Akasema, "Alhamdulillahi," akafungua kamba. Halafu akasimama, akanyoosha mgongo, akaweka mkono kiunoni. Safari hii hakulia. Aliyasema mpaka mwisho, kwa sauti yake Levina, na akaapa hajayapamba. Nami nayaandika kama alivyonipa, kwa sababu ndiyo yaliyopungua kwenye wasifu wake:

"Mtani, kamata baiskeli ya baba Mhoja mpaka akapime. Mimi nikimwambia atanuna mpaka mvua nyingine, na wewe huwezi kununiwa. Ila usimwambie ni mimi. Apone tu, arudi aendelee kuniudhi."